Risasi Niliyosema Ni Sawa

Majimbo, Embu
Jumapili, alasiri

Kaberia mwanangu,

Chini kabisa ya sanduku lako, chini ya mashati na yale madaftari, utakuta suruali ya kaki ambayo si yako. Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa vidole vinne. Usicheke, na usifikiri mama yako amezeeka mpaka mkasi umemshinda. Nimeikata hivyo kwa kutaka mwenyewe. Nimeanza na suruali kwa sababu sioni pengine pa kuanzia, na najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Wewe umetoka kwenda kunyolewa na baba yako amelala usingizi wake wa Jumapili. Nina saa moja, labda mbili kama kinyozi ana watu. Mambo ya blanketi, jiko la mafuta, na kumwona mwalimu mkuu kabla hujafungua mzigo, baba yako amekuambia mara tatu na kesho asubuhi atakuambia mara ya nne. Mimi sina la kuongeza huko. Langu ni lingine, na nimelikalia tangu ilipofika barua ya kazi ikasema unapelekwa kufundisha Muthara. Wewe uliruka ukagonga taa. Ukasema, "Mama, si ni kwenu? Sasa utakuwa na sababu ya kwenda." Nikasema ndiyo, ni kwetu, halafu nikatoka nyuma nikaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Basi. Pale sokoni Muthara kuna mzee anayeshona viatu. Mama mmoja wa kanisa letu alipita huko mwaka jana akaniambia bado yuko, anakaa kwenye kigoda upande wa maduka ya nafaka, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Anaitwa Kaberia. Jina lako umelitoa kwake. Najua nilikuambia ni la mjomba wa mama yangu, na huyo mjomba alikuwepo kweli, lakini si yeye niliyekuwa namfikiria siku uliyozaliwa. Ukifika ukajitambulisha kwamba wewe ni mwalimu Kaberia, mtoto wa Kagendo aliyekuwa anashona nguo, huyo mzee atajua mara moja. Na watu wengine wa umri wake watajua. Mtu atakuambia habari yangu akiwa amesimama tu njiani na mfuko wa viazi mkononi, na mimi naogopa atakuambia vizuri kuliko ninavyoweza kukuambia mwenyewe.

Kabla sijaja Embu, kabla ya baba yako, nilifanya kazi kwa mzungu mmoja mwindaji. Hakuondoka uhuru ulipokuja kama wenzake. Alibaki na nyumba ya mabati chini ya Muthara, mahali milima inapokwisha na nyika inaanza, akawa anapeleka wageni kuwinda, na nyati wakivamia mashamba watu walikuwa wanamwendea yeye. Tulimwita Bwana Miwani. Aliniajiri nishone mahema na kutia viraka nguo za safari. Hicho ndicho unachokijua, kwa sababu ndicho nilichokuwa nasema nyumbani. Sikuwahi kusema kwamba baada ya mwaka mmoja nilikuwa natengeneza risasi.

Ilikuja hivi. Siku moja alinikuta natengeneza matundu ya vifungo, akasimama hapo muda mrefu akiniangalia mikono. Halafu akasema kwa ile Swahili yake, "Kagendo, wewe iko macho mzuri. Mimi macho nakufa. Kuja hapa." Akanipeleka chumba cha nyuma.

Risasi si kitu kimoja, mwanangu. Mimi pia nilidhani ni kitu kimoja. Kuna ganda la shaba, kuna fataki ndogo kwenye makalio ya ganda, kuna baruti ndani, na kuna kichwa kilichoshindiliwa mdomoni. Bunduki ikilia, kichwa kinaenda na ganda linabaki. Bwana Miwani alikuwa anaokota maganda yake yote, anayasafisha, anayajaza upya, kwa sababu risasi mpya zilikuwa zinachelewa sana kufika, na pia kwa sababu alikuwa mtu wa kutoamini kitu ambacho hakukifanya mwenyewe. Fataki na baruti hakumruhusu mtu. "Hii yangu," alisema, "wewe hapana gusa." Yangu ilikuwa kushindilia kichwa kwa mashine ya mkono iliyofungwa kwenye meza, na kupima urefu wa risasi nzima, kutoka makalio mpaka ncha.

Utaniuliza urefu una kazi gani. Ukishindilia kichwa sana, unaibana baruti, na bunduki inapiga kwa nguvu ambayo haikupangiwa. Ukishindilia kidogo, risasi inabaki ndefu, na mtu akifunga komeo la bunduki kile kichwa kinakwenda kujikita kwenye mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Katikati hapo kuna nafasi ndogo tu, unene wa ukucha. Kuipata, alinifundisha kutumia mshumaa. Unachukua ganda tupu, halina baruti, halina fataki. Unaweka kichwa juu juu, kikiwa kirefu kupita kiasi. Unakipitisha kwenye moshi wa mshumaa mpaka kinakuwa cheusi cha masizi. Unatia kwenye bunduki, unafunga polepole, unatoa, unakwenda kuangalia dirishani. Ukiona masizi yamekwaruzwa pande zote, kichwa kimegusa. Unashindilia kidogo, unapaka masizi tena, unarudia, mpaka kinatoka cheusi kama kilivyoingia. Halafu unaongeza kushindilia ule unene wa ukucha, na hapo ndipo urefu wako ulipo. Ile risasi tupu tuliiweka kwenye kopo la kahawa tukaiita Bubu. Nyingine zote zilitakiwa kufanana na Bubu.

Nilikuwa mzuri sana kwa kazi hiyo, acha niseme ukweli. Mtu wa kushika mizigo na bunduki kubwa alikuwa huyo Kaberia, kijana wakati ule, mrefu, mtu wa maneno. Alinitania kila siku. "Kagendo, nyati wakikusikia hapa wanajipanga foleni upime viuno." Mimi nilikuwa namjibu. Tulikuwa marafiki, si zaidi ya hapo, na baba yako analijua hilo.

Sasa nifike kwenye kosa, na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, kwa hivyo nisome polepole.

Bwana Miwani alikuwa na kipimo cha chuma chenye taya mbili, alikiita vernia. Unabana kitu kati ya taya, unasoma vistari. Vistari vyenyewe vidogo kama miguu ya sisimizi. Mimi ni fundi nguo, na fundi nguo hasomi tepu kwa kila pindo la sketi. Umeniona hapa, msimu wa sare za shule, nakata kikadi chenye pengo, naweka kikadi kwenye kitambaa, napiga pasi, naenda mbele. Huko pia nilifanya hivyo. Nilichukua kipande cha ubao kilichoachwa na seremala, nikachonga pengo la urefu wa Bubu. Risasi ikipita ndani ya pengo bila kulegea, ni sawa. Isipopita, nashindilia tena. Bwana Miwani aliona akacheka, akasema haya, lakini kila risasi ya kumi upime na vernia. Nikasema ndiyo. Mwanzoni nilipima kila ya kumi. Baadaye kila ya ishirini. Baadaye vernia ilikaa tu mezani ikashika vumbi, na kazi ilikuwa inaenda haraka, na nilisifiwa.

Ule ubao nilikuwa nimeukata kwa kukatiza nyuzi za mti, si kwa kuzifuata, kwa sababu kipande kilikuwa kipana upande huo. Ulikatwa wakati wa kiangazi. Mvua zikaja. Mti ukinyonya unyevu unavimba kukatiza nyuzi zake, seremala yeyote atakuambia, na pengo langu lilivimba pamoja nao. Pengo likirefuka, risasi ndefu inapita. Hiyo ni sababu moja.

Lakini ngoja. Mvua hizo hizo, Bwana Miwani alifungua sanduku jipya la vichwa akavimwaga kwenye bakuli lile lile la zamani, juu ya vile vilivyobaki, bila kuniambia. Vya zamani vilikuwa na ncha iliyochongoka. Vipya vilikuwa na mabega manene. Na yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha mapema kabisa: "Hapana amini pua. Pua hapana gusa kitu. Bega ndiyo nagusa." Kwa hivyo risasi mbili zinaweza kuwa na urefu ule ule kabisa, moja ikaingia vizuri na nyingine ikagusa mifereji, kwa sababu ya bega. Hiyo ni sababu ya pili, na hiyo si yangu. Au ni yangu, maana vilipita mikononi mwangu kimoja kimoja na macho yangu yalikuwa mazuri. Unaona? Kila nikifika hapa nazunguka.

Asubuhi hiyo nyati walikuwa wamelala kwenye mahindi ya watu chini huko. Mimi nilikuwa kwenye veranda nashona mkono wa koti. Kaberia akatia risasi, akafunga komeo, akasimama. Akaja mpaka mbele yangu.

"Kagendo, hii imeingia na nguvu."

"Ingiza vizuri."

"Nimeingiza vizuri. Komeo imekataa kidogo, halafu imekubali. Si kama zile zingine."

Mpishi alikuwa hapo anamenya viazi. Akainua macho kuona nitasema nini. Na mimi nikasikia joto usoni, kwamba mtu anauliza kazi yangu mbele ya mpishi.

"Mimi nimepima," nikamwambia. "Ni sawa. Labda ni mkono wako umelala."

Mpishi akacheka. Kaberia naye akacheka, alikuwa mtu wa kukubali utani, akaitia bunduki begani akaenda. Vernia ilikuwa chumba cha nyuma. Bubu alikuwa kwenye kopo. Mshumaa ulikuwepo. Ingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Yaliyofuata aliyasimulia Bwana Miwani. Walitafuta mpaka saa sita hawakuona kitu. Walipofika kwenye kijito, sheria yake ilikuwa kwamba bunduki haivuki maji ikiwa na risasi ndani. Kaberia akafungua komeo kuitoa. Ganda likatoka peke yake. Kichwa kilikuwa kimejikita kwenye mifereji kikabaki ndani ya mtutu, na baruti yote ikamwagika ndani ya bunduki, zile punje ndogo nyeusi, zikaingia kila mahali. Bunduki kubwa ikawa gongo tu. Alikuwa ameinama anajaribu kuikung'uta nyati alipotoka kwenye matete. Bwana Miwani alikuwa na bunduki ndogo ya ndege mkononi. Alipiga, akapiga tena, nyati akaondoka, lakini alikuwa amekwisha kupita juu ya Kaberia.

Walimleta juu ya mlango uliong'olewa kwenye kibanda cha mtu. Sikumwona uso, kwa sababu sikuangalia. Nilisimama nyuma ya tangi la maji mpaka gari likaondoka kumpeleka hospitali.

Jioni Bwana Miwani alichukua risasi zangu zote zilizobaki akazipima dirishani kwa vernia, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nilikuwa mlangoni. "Hii mrefu," alisema. "Hii sawa. Hii sawa. Hii mrefu." Halafu akachukua bakuli la vichwa, akakiinua kimoja, akakizungusha vidoleni. Akasema, "Ah." Hivyo tu. Sijui ile "ah" ilikuwa ya ubao wangu au ya sanduku lake. Nimeisikia miaka yote hii na bado sijui. Kesho yake alizivunja risasi zote, akamwaga baruti shambani, na hakuniita tena chumba cha nyuma. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua. Baadaye serikali ikafunga uwindaji, akauza vitu, akaondoka. Bubu nilikuwa nimebaki naye mimi, na kwa kuogopa askari nikamtupa chooni.

Ubao sikuutupa. Uko kwenye droo ya cherehani, na wewe umeuchezea ukiwa mdogo, ulidhani ni bunduki, nikakupiga kwa sababu hiyo na hukujua kwa nini. Nisamehe hilo, nimelikumbuka sasa hivi tu.

Nimekuwa nikiupima, Kaberia. Usimwambie mtu yeyote. Kila mvua zikishika naupima kwa tepu, na kila kiangazi. Mvua pengo linafunguka, kiangazi linajifunga. Nikasema basi, ni mimi. Halafu mwaka mmoja nikagundua kwamba tepu yangu ya kitambaa nayo inavutika, maana nilinunua mpya nikaiweka kando ya ile ya zamani zikakataa kulingana. Nikasema basi, si mimi, au sijui. Bubu ningekuwa naye ningejua. Mara nyingine nimelala nawaza kile chumba cha nyuma, nakiona kile kichwa kilichobaki ndani ya mtutu, nauliza kilikuwa na bega nene au bega jembamba. Hakuna mtu aliyekiangalia. Kila mtu alikuwa na shughuli ya kumbeba binadamu.

Sasa ya suruali.

Kaberia alikaa hospitali muda mrefu. Mfupa wa paja ulishika vibaya, mguu wa kushoto ukapona mfupi. Mimi nilikuwa nimerudi sokoni Muthara, nina cherehani yangu kwenye veranda ya duka. Siku moja ya soko nikaona kivuli kwenye kitambaa. Alikuwa amesimama na fimbo, amekonda, amebeba suruali mkononi.

"Inaburuta," akasema. "Nimechoka kuikunja."

Nikapiga magoti mbele yake na tepu. Nilipima mguu wa kulia, nikapima wa kushoto. Vidole vinne. Watu walikuwa wanapita na ndizi zao, na mimi niko hapo chini nimeshika mguu wa mtu, nina pini mdomoni. Ndiyo ilikuwa nafasi ya kumwambia. Hakuna siku ingekuwa nzuri kuliko hiyo. Akasema kutoka juu, taratibu, "Pima vizuri, Kagendo." Na sijui alimaanisha nini. Labda alimaanisha suruali tu. Fundi huambiwa hivyo kila siku. Lakini hakuwa anatania, sauti ya utani wake naijua. Niliweka alama ya chaki, nikakata, nikapinda, nikampa. Akaivaa juu ya kaptura hapo hapo, akapiga hatua mbili. Akasema, "Iko sawa." Akaenda.

Mwezi ule ule nilihamia Embu. Niliwaambia watu nafuata kazi ya sare za shule, na kweli kazi ilikuwepo.

Ulipozaliwa, wewe ni wa pili kwa wavulana. Unajua taratibu za kwa baba yako, wa kwanza alibeba jina la upande wao, na wa pili alikuwa wa kubeba jina la baba yangu. Mzee wangu alikuwa amekwisha kusikia, amekwisha kuchagua mbuzi wa kukuletea. Nikasema mtoto ni Kaberia. Baba yako alishangaa, akafikiri ni homa ya uzazi. Babu yako alikuja na yule mbuzi, akakubeba, akauliza swali moja tu, "Jina langu lina ubaya gani?" Nikamdanganya habari ya mjomba. Alikubali kwa mdomo. Alirudi Muthara, na mpaka anafariki hakukuita kwa jina, alikuita "kale kamwalimu" kwa sababu ulikuwa unaongea sana. Kwa hivyo alikujua kuliko sisi. Niliona nikikupa jina la yule mtu nitakuwa nimelipa kitu. Lakini yeye mwenyewe sikumwambia, kwa hivyo sijui nilimlipa nani. Nilikuwa nakuita kila siku, njoo ule, Kaberia, vaa viatu, Kaberia, na yule mwingine alikuwa anashona viatu Muthara bila kujua kwamba ana somo wake Embu.

Mvua imeanza tena kwenye mabati. Nimetoka kuuchukua ubao kwenye droo, nimeupima tena, sijui kwa nini. Pengo limefunguka kidogo. Au ni tepu.

Wiki hii, wakati nakushonea suruali zako za kazini, uliniambia ile ya kijivu inakubana kwenye paja. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Nimekupima Jumatatu, haiwezi kubana." Wewe ukaivaa. Ulipotoka nikakaa kwenye kiti. Mwanangu, nilisikia sauti yangu. Ilikuwa ile ile ya kwenye veranda, haikuzeeka hata kidogo. Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza ubao, tepu, bega la risasi, sanduku la mzungu, nani alikosea urefu. Na huenda sitajua kamwe nani alikosea urefu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho nakijua bila kupima. Mtu aliyekuwa na bunduki mkononi alikuja akaniambia imeingia na nguvu, na mimi nikamwambia ni mkono wake. Hiyo haikuvimba na mvua. Nadhani nimekuwa nikiupima ubao ili nisiangalie hiyo.

Suruali yako ya kijivu nimeipanua jana. Iko juu kabisa ya sanduku. Nisamehe.

Nilitaka kukuandikia kitu cha kukusaidia huko darasani, lakini sina zaidi ya haya. Mtoto atakuambia, mwalimu, hesabu hii imekataa, na wewe utakuwa umeifanya mara mia. Sijui utafanya nini. Nakutakia tu kwamba siku hiyo kusiwe na mpishi wa kucheka.

Nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kupanga vitu vyako, si siku ya kwanza, siku utakayoona wewe mwenyewe, chukua ile suruali ya kaki na ule ubao, nitaufunga ndani yake, uende sokoni. Mwamkie kwa heshima, ni baba yako kwa jina. Mwambie umetumwa na Kagendo. Mwambie hivi, na usiongeze kitu kuniremba: "Mama anasema, asubuhi ile uliuliza, na yeye akakujibu bila kuangalia." Ubao mpe afanye anavyotaka, akiutupa jikoni ni haki yake. Kama atakufukuza, ondoka, usimbishie. Kama atanyamaza, kaa kidogo, halafu uondoke. Na kama atasema nije mwenyewe, niandikie, nitakuja. Naogopa sana lakini nitakuja.

Nilikata suruali kwa vidole vinne kama siku ile, maana ndicho kipimo ninachokijua. Lakini mtu hubadilika mwili, na mguu mbovu sijui huwa unafanya nini na miaka. Nimeacha kitambaa cha ziada ndani ya mapindo yote mawili na kiunoni, cha kutosha. Kwa hivyo aivae mbele yako. Muulize inamkaaje. Na akisema inambana, au inaburuta, au hata akisema tu kwamba imeingia na nguvu, mwamini, mwanangu. Irudishe, nitaipima upya.

Nasikia lango. Umenyolewa, unaimba. Naiweka hii ndani ya mfuko wa ile suruali yako ya kijivu.

Mama yako,
Kagendo